Wauguzi wa Vita na Majina Yaliyopotea Kandokando ya Tana

Barabara ya kutoka mjini Garissa kwenda Balambala inaambaa na Mto Tana, ikipita Sankuri na mashamba yake ya kando ya maji, kisha inajitosa kwenye nyika ya migunga na mchanga. Kiangazi, gari linaacha wingu la vumbi nyuma yake. Masika yakija, laga, yaani mito ya msimu, hufurika na safari hukatika. Muuguzi anayepangiwa kazi upande huu hujua mapema kwamba yeye ndiye wa kwanza na mara nyingi ndiye wa mwisho: mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mtoto aliyeumwa na nyoka, mchungaji aliyepigwa risasi katika ugomvi wa malisho, wote hufikishwa mikononi mwake kabla ya kuulizwa kama ambulensi ya kuwapeleka Garissa itapatikana.

Wachache kati ya wanaoishi kwenye kingo hizi leo wanakumbuka kwamba Tana uliwahi kuwa mpaka wa Vita vya Pili vya Dunia. Wachache zaidi wanajua ni nani waliowafunga vidonda wapiganaji wa vita hivyo.

Italia iliingia vitani Juni 10, 1940. Wakati huo ilikuwa imeshika Somalia ya kusini na Ethiopia yote, kwa hivyo Kenya ilijikuta na adui kwenye mipaka yake ya kaskazini na mashariki. Mwezi Julai Waitaliano waliichukua Moyale, wakaingia Mandera na El Wak. Wajir ilibaki mikononi mwa Waingereza, lakini huku kusini jeshi la Uingereza lilirudi nyuma na kuweka ulinzi wake kwenye Mto Tana. Garissa, kituo kidogo cha utawala kilichozungukwa na maboma ya wafugaji, kikageuka kambi kuu. Walikuja askari wa King's African Rifles (KAR) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wakaja wa Gold Coast na Nigeria, na Wazungu wa Afrika Kusini pamoja na wahandisi waliochimba visima, maana katika nchi hii mwenye maji ndiye mwenye njia.

Februari 1941 Jenerali Alan Cunningham aliamuru jeshi livuke. Afmadow ilichukuliwa Februari 11, Kismayu Februari 14, Mogadishu Februari 25. Kufikia Aprili 6 Addis Ababa ilikuwa imeanguka. Vitabu vya vita huisimulia safari hiyo kama mbio za ajabu za magari. Havisemi sana kuhusu walioachwa nyuma ya magari hayo: aliyechomwa na homa ya malaria, aliyeharisha mpaka akaishiwa nguvu, aliyekanyaga bomu la kutegwa njiani.

Hao waliangukia mikononi mwa Kikosi cha Tiba cha Jeshi la Afrika Mashariki. Juu walikuwako madaktari Wazungu, na katika hospitali kubwa za nyuma walikuwako masista, wauguzi wa kike kutoka Uingereza na makoloni yake. Lakini katika wodi za askari Waafrika, na hasa karibu na mapigano, kazi ya mkono ilifanywa na vijana wa Kiafrika walioitwa madresa, pamoja na wabeba machela. Wengi walichaguliwa kwa sababu walikuwa wamesoma shule ya misheni kidogo na waliweza kusoma kibandiko cha chupa. Walichemsha sindano za kioo na kuzitumia tena, walisafisha jeraha kwa maji ya chumvi na kulinyunyizia unga wa salfa, walifua bandeji na kuzianika, waligawa vidonge vya malaria asubuhi na kusimama mbele ya kila askari mpaka ameze. Usiku walikaa na mgonjwa aliyepandwa na homa wakimpangusa kwa kitambaa chenye maji, na maji yenyewe yalikuwa ya kupimwa.

Katika vita hivyo Kenya peke yake ilitoa askari wapatao 98,000. Pamoja na Uganda na Tanganyika jumla ilipita 250,000. Mpiganaji anaweza kukumbukwa kwa bunduki yake. Dresa amekumbukwa na nani?

Swali hilo linakuwa zito zaidi mtu akisoma habari za meli iliyoondoka Mombasa miaka mitatu baadaye.

Ilikuwa Februari 1944. Italia ilikuwa imeshasalimu amri, na vita vya Waafrika Mashariki vilikuwa vimehamia upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, ikijiandaa kupigana na Wajapani katika misitu ya Burma. Ilihitaji mizinga, na ilihitaji wauguzi. Katika bandari ya Kilindini ilipakia meli ya SS Khedive Ismail, chombo kilichoundwa Scotland mwaka 1922 kwa kampuni ya Chile, kikauzwa Misri, kisha kikachukuliwa na Uingereza kusafirisha majeshi.

Waliopanda walikuwa 1,511 pamoja na mabaharia. Kundi kubwa kabisa lilikuwa la Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, maofisa na askari 996. Walikuwamo pia wanamaji wa Uingereza 271. Na walikuwamo wanawake 83: masista wa jeshi 53 na matroni wao, wasichana wa jeshi la majini 19, wanawake tisa wa kikosi cha usafiri, na mama mmoja aliyepakata mtoto mchanga. Wengi wa masista hao walikuwa wamefika Mombasa baada ya kusafiri nusu ya dunia. Walikuwa wakienda kuwauguza katika hospitali za jeshi askari ambao baadhi yao walikuwa humohumo melini, sitaha ya chini.

Msafara ulikuwa wa meli tano za abiria, ukilindwa na manowari kubwa HMS Hawkins na nyingine mbili zilizoenda kasi zaidi, Paladin na Petard. Kwa siku kadhaa hakuna lililotokea. Jumamosi Februari 12, alasiri, wakiwa kwenye mlangobahari kusini mwa visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliyoitwa I-27 iliinua darubini yake upande wa kushoto wa Khedive Ismail. Mlinzi aliiona na wapiga mizinga wa meli wakafyatua. Walikuwa wamechelewa. Nyambizi ilikuwa imeachia torpido nne kwa mpigo, na mbili zilipiga.

Meli ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu.

Dakika tatu hazitoshi kupanda ngazi kutoka sitaha ya chini ikiwa ngazi yenyewe imevunjika na watu mia kadhaa wanaigombea. Hazitoshi kushusha mashua. Waliokuwa juu waliruka, waliokuwa chini walizama na chuma. Watu 1,297 walikufa, na kati yao walikuwamo wanawake 77. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake sita.

Kilichofuata ni kitu ambacho manusura walikizungumza kwa uchungu maisha yao yote. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Makamanda wa manowari walikuwa na meli nne nyingine zilizojaa watu, na adui aliyekuwa bado na torpido. Petard ikaanza kuangusha mabomu ya kulipukia majini mahali hapohapo, na mshindo wa maji ukawaua baadhi ya wale ambao dakika chache kabla walikuwa wamesalimika. Hatimaye I-27 ililazimika kuibuka. Paladin iliigonga na yenyewe ikajeruhiwa vibaya, na mwishowe torpido ya Petard iliimaliza. Ni Petard hiyohiyo ambayo mabaharia wake, Oktoba 1942, walichomoa vitabu vya siri kutoka kwenye nyambizi ya Kijerumani iliyokuwa ikizama, vitabu vilivyosaidia kufumbua mawasiliano ya Wajerumani.

Kifo cha wanawake 77 kwa siku moja hakijapata mfano katika majeshi ya nchi za Jumuiya ya Madola. Tukio hilo lilianzia Kilindini, likawachukua vijana wa Afrika Mashariki kwa mamia, na bado ni nadra kulisikia likitajwa darasani Mombasa, sembuse Balambala. Majina ya askari wa Kiafrika waliopotea majini yamewekwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi yaliyo Barabara ya Ngong. Mahali penyewe pametunzwa vizuri, nyasi zimekatwa, mawe yamenyooka. Wageni ni wachache.

Divisheni ya 11 iliendelea na vita bila wao. Nusu ya pili ya 1944 iliteremka Bonde la Kabaw huko Burma katikati ya mvua kubwa, bonde ambamo malaria na taifasi ya vichakani viliwaangusha askari wengi kama risasi zilivyowaangusha. Desemba ilifika mto Chindwin, Kalewa. Waliobeba machela kwenye matope hayo, hatua kwa hatua, huku juu ya mabega yao kukiwa na mwenzao anayelia, walikuwa madresa na wabeba machela wa kutoka huku kwetu. Hospitali zilizowapokea zilikuwa na pengo la masista waliozama na Khedive Ismail.

Inafaa kuangalia jinsi taifa jingine lilivyowatendea wauguzi wake wa vita, na mfano ulio wazi kabisa ni Australia. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia zaidi ya wauguzi 2,000 wa jeshi la nchi hiyo walivuka bahari. Mwaka 1915 kundi moja lilipelekwa kisiwa cha Lemnos, karibu na uwanja wa vita wa Gallipoli, likiongozwa na matroni Grace Wilson. Walifika Agosti, wakakuta vifaa vya hospitali havijafika lakini majeruhi wamefika kwa mamia. Waliwalaza chini, wakachana nguo zao wenyewe kupata bandeji. Maji ya kunywa yalikuwa haba kiasi kwamba kuosha kidonda ilikuwa anasa. Mtu wa Garissa hahitaji kuelezwa hali hiyo.

Vita vya pili vilikuwa vikali zaidi kwao. Februari 12, 1942, miaka miwili kamili kabla ya Khedive Ismail kuzama, wauguzi 65 wa Australia walihamishwa kutoka Singapore kwa meli ndogo ya Vyner Brooke huku Wajapani wakiwa mlangoni. Siku mbili baadaye ndege ziliipiga meli hiyo karibu na kisiwa cha Bangka, Indonesia ya leo. Wauguzi 12 walipotea baharini. Wengine 22 walifika ufuoni wakiwa na majeruhi, na wangeweza kukimbilia msituni, lakini hawakuwaacha wagonjwa wao. Februari 16 askari wa Kijapani waliwaamuru waingie majini, wakawapiga risasi kwa nyuma. Mmoja tu alibaki hai, Vivian Bullwinkel, risasi ilipita kiunoni mwake bila kumuua. Alijilaza kama maiti, kisha akajificha msituni kwa siku 12 akimuuguza askari Mwingereza aliyejeruhiwa, mpaka njaa ikawalazimisha kujisalimisha. Kati ya wauguzi 32 waliofungwa kambini, wanane walifia humo. Waliorudi nyumbani kati ya wale 65 walikuwa 24.

Takwimu hizi zinajulikana kwa usahihi kwa sababu kuna watu walioamua zijulikane. Kila mmoja wa wale 65 ana jina, picha na faili. Bullwinkel alitoa ushahidi mbele ya mahakama ya uhalifu wa kivita iliyokaa Tokyo, na mwaka 2023 sanamu yake ilizinduliwa mbele ya Jumba la Kumbukumbu za Vita mjini Canberra. Watoto wa shule hupelekwa pale. Huo ni uamuzi wa taifa, na ni uamuzi wa gharama nafuu kuliko mzinga mmoja.

Wauguzi wa Australia hawakuishia bahari za mbali. Walifika Afrika Mashariki pia. Agosti 1994, baada ya mauaji ya kimbari, Australia ilipeleka Rwanda kikosi cha tiba chini ya Umoja wa Mataifa. Walichukua sehemu ya hospitali kuu ya Kigali, jengo lililokuwa limeporwa na kuchafuliwa, wakaanza kwa kusugua sakafu. Kazi yao rasmi ilikuwa kuwatibu walinda amani. Lakini wagonjwa waliokuwa wakiletwa mlangoni walikuwa watoto waliokanyaga mabomu, kina mama wenye makovu ya panga, watu wasio na wa kuwauliza wametoka wapi. Wauguzi wa jeshi la nchi kavu, la anga na la majini walifanya kazi hapo kwa zamu mbili za takriban miezi sita sita, hadi Agosti 1995.

Aprili 22 mwaka huo kikundi chao kidogo, watu 32 kati ya madaktari, wauguzi, wasaidizi wa tiba na askari wa kuwalinda, kilikuwa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kibeho, kusini-magharibi mwa Rwanda, pamoja na walinda amani wa Zambia. Jeshi la Rwanda lilikuwa likiifunga kambi hiyo. Risasi zilianza kumiminwa kwenye umati. Waaustralia hawakuruhusiwa na masharti ya Umoja wa Mataifa kuingilia kwa silaha. Walichoruhusiwa ni kubeba majeruhi, na walibeba. Kiongozi wa timu ya tiba, daktari Kapteni Carol Vaughan-Evans, na wenzake watatu walipewa Nishani ya Ushujaa, ya kwanza kutolewa kwa Waaustralia tangu vita vya Vietnam. Serikali ya Rwanda ilitaja vifo 338. Waaustralia, waliohesabu maiti kwa miguu asubuhi iliyofuata mpaka wakazuiwa, walikadiria wafu wapatao 4,000. Wengi wa Waaustralia hao walirudi kwao na usingizi uliokatika, na baadhi walihitaji matibabu ya akili kwa miaka.

Kaskazini Mashariki mwa Kenya nako kulikuwa na mwanamke aliyehesabu maiti. Annalena Tonelli alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943, akasomea sheria. Alikuja Kenya mwaka 1969, na punde akahamia Wajir. Hakuwa amesomea uuguzi alipoanza; alijifunza kando ya kitanda cha mgonjwa. Kifua kikuu kilikuwa kikiwamaliza wafugaji, maana matibabu ya wakati huo yalidumu mwaka na zaidi, na mfugaji hawezi kukaa mahali pamoja mwaka mzima huku mifugo yake ikihama. Mwaka 1976 Annalena alianzisha manyatta ya wagonjwa: walijenga vibanda vyao wenyewe karibu na kituo, wakameza dawa mbele ya mhudumu kila siku kwa miezi sita, kisha wakarudi kwa ngamia wao wamepona. Njia hiyo ilikuja kuigwa na Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya watu wanaohamahama.

Februari 1984 wanajeshi wa Kenya walikusanya maelfu ya wanaume wa ukoo wa Kisomali wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, kilomita chache kutoka mji wa Wajir. Waliwekwa juani siku kadhaa bila maji, wengi wakapigwa risasi. Miili ilitupwa porini. Annalena alichukua gari akawafuata, akakusanya waliokuwa bado wanapumua, akawafunga vidonda, akawapa maji kidogo kidogo, akaandika aliyoyaona. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, ilisema waliokufa huenda walikaribia 1,000, na wenyeji hutaja idadi kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1985 Annalena aliondolewa Kenya. Alivuka mpaka akaendelea Somalia, Beledweyne, Mogadishu, Merca, na mwisho Borama. Juni 2003 alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi. Oktoba 5 mwaka huohuo alipigwa risasi ndani ya uwanja wa hospitali aliyoijenga Borama.

Jina la Annalena linajulikana na linastahili kujulikana. Lakini hakuwa peke yake katika manyatta ile. Walikuwako wasichana na vijana wa Kisomali wa Wajir waliopima makohozi, waliogawa vidonge, waliowatafsiria wagonjwa, na waliobaki pale baada ya yeye kufukuzwa. Ndio waliobeba hatari bila pasipoti ya kigeni mfukoni. Historia yao haijaandikwa, na kila mwaka mmoja wao hufa nayo.

Garissa nayo iligeuka tena kuwa mlango wa vita. Oktoba 2011 Jeshi la Ulinzi la Kenya lilivuka mpaka huko Liboi kuwaandama wapiganaji wa Al-Shabaab. Ukiiweka ramani ya 1941 juu ya ramani ya kampeni hiyo, utaona njia zinafanana: Afmadow tena, ambayo ilichukuliwa Mei 2012, kisha Kismayu tena, kati ya Septemba na Oktoba. Tofauti ni kwamba safari hii vita vilirudi nyumbani. Julai 1, 2012 makanisa mawili ya mjini Garissa yalishambuliwa Jumapili asubuhi na watu wapatao 17 wakauawa. Novemba 22, 2014 abiria 28 walishushwa kwenye basi lililotoka Mandera wakapigwa risasi. Wengi wao walikuwa walimu na wafanyakazi wa umma waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo.

Kisha ikaja Aprili 2, 2015. Kabla ya mapambazuko, siku ya Alhamisi kabla ya Pasaka, watu wanne wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Kufikia jioni watu 148 walikuwa wamekufa, karibu wote wanafunzi. Majeruhi walipelekwa hospitali ya mkoa, ile inayoitwa sasa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa. Ndege za kuwachukua walio mahututi kwenda Nairobi zilikuja baadaye. Saa za mwanzo zilikuwa za wafanyakazi wa Garissa wenyewe: kufungua mishipa ya kuwekea dripu mikononi mwa vijana waliopoteza damu, kukata nguo zilizogandamana na kidonda, kuamua kwa sekunde nani aingie chumba cha upasuaji na nani asubiri. Milio ya risasi ilikuwa bado inasikika mjini. Muuguzi aliyekuwa zamu hakujua kama washambuliaji wangeifuata na hospitali.

Baada ya hapo wauguzi na walimu wengi wa kutoka kaunti nyingine waliomba uhamisho, na hakuna wa kuwalaumu. Mtu ana mama na watoto nyumbani. Waliobaki, wengi wao wenyeji waliosomea chuo cha mafunzo ya utabibu hapahapa Garissa, walijitwika zamu za wenzao. Wanaendelea kuzijitwika. Vituo vya Balambala, Saka na Danyere vinasimama kwa sababu yao, na katika kituo kidogo muuguzi mmoja anaweza kuwa mkunga, mtoa chanjo, mtunza dawa na mlinzi wa jokofu la chanjo kwa siku moja.

Sheria ya kimataifa iko upande wao. Mikataba ya Geneva ya 1949 inamkataza mpiganaji yeyote kumdhuru anayehudumia majeruhi, na Mei 2016 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2286 kukumbusha hivyo, baada ya hospitali kupigwa mabomu katika nchi kadhaa. Karatasi hizo ni muhimu. Lakini muuguzi wa mpakani hulindwa zaidi na jamii inayomjua kwa jina na iliyo tayari kumwambia asipite barabara fulani leo. Katika maboma mengi ya Garissa, ulinzi huo upo, na umeokoa watu.

Lililokosekana ni kumbukumbu. Haiwezekani Australia ijue jina la kila muuguzi aliyeanguka ufuoni Bangka mwaka 1942, halafu Kenya isijue madresa waliohudumu Garissa mwaka 1941, wala isiwe na orodha hata moja ya wahudumu wa afya waliokuwa zamu Aprili 2, 2015. Hawa wa pili wako hai. Wanatembea mjini, wananunua maziwa ya ngamia asubuhi, na wengi hawajawahi kuulizwa lolote kuhusu siku ile isipokuwa na wapelelezi.

Kazi yenyewe haihitaji mradi wa mamilioni. Idara ya afya ya Kaunti ya Garissa ina vitabu vya zamu. Ivifungue, iandike majina, iyaweke ukutani pale penye mapokezi ya hospitali ya rufaa, mahali ambapo kila mgonjwa atayaona. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Garissa wana simu zenye kinasa sauti na wana wazee wa kuwahoji Sankuri, Balambala na Wajir. Nawe msomaji, ikiwa babu yako alivaa kofia ya KAR au alibeba machela Burma, na kuna nishani, cheti cha kuachishwa jeshi au picha iliyokunjwa ndani ya sanduku la mama mkubwa, usiiache iliwe na mchwa. Andika nyuma yake jina lake, ukoo wake na mahali alipohudumu, upige nakala, na uipeleke Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, kabla anayejua habari zake hajaondoka.